Jina Kwenye Hati Halimalizi Shauri

Ndoa inapovunjika, swali la kwanza huwa moja: nyumba imeandikwa jina la nani? Likiwa la mume, mke anajiona ameshapoteza. Likiwa la mke, mume anakata tamaa kabla hajafika mahakamani. Wote wawili wana haraka. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia mali yenye jina la mmoja kuwa ni yake, lakini dhana hiyo hupingwa kwa ushahidi. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo wanandoa walizichuma kwa juhudi za pamoja. Hata nyumba ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya kuoana inaweza kuingia kwenye mgawo, iwapo mwenzake aliiendeleza kwa kiasi kikubwa.

Juhudi za pamoja ni zipi? Hapo ndipo majaji wa Mahakama Kuu walipogawanyika kwa miaka. Baadhi walishikilia kwamba mchango ni fedha au kazi iliyokwenda moja kwa moja kwenye mali. Kwao, kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke na hauna malipo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo katika shauri ambalo mawakili wote wanaliita kesi ya Bi Hawa: kazi za nyumbani ni mchango. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa maamuzi ya haki kabisa kuwahi kutolewa na mahakama zetu, kwa sababu mume hawezi kushinda kazini akiweka akiba bila mtu wa kumshikia nyumba na watoto.

Tatizo ni kwamba wengi wanaoitaja kesi hiyo hawaisomi hadi mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupewa fungu katika nyumba aliyoidai. Mahakama iliona kuwa mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo kanuni ilishinda, lakini aliyeifungua njia alitoka mikono mitupu. Sheria haisemi popote kwamba mali zinagawanywa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo, kwa sheria yao, ilisema mwaka 2023 kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu. Mchango lazima uthibitishwe.

Basi uthibitisho wenyewe ukoje? Tuseme kiwanja cha Mbagala kilinunuliwa kwa mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, jina la mume peke yake. Mke anachoma maandazi alfajiri na yuko kwenye kikoba. Mkopo wa kikoba ndio ulionunua mabati. Miaka imepita, hakimu anamuuliza alichangia nini. Anajibu, “Tulijenga wote.” Ni kweli tupu, lakini hakimu hana cha kupimia. Angekuwa nacho kama angeoneshwa daftari la kikoba lenye tarehe ya mkopo, ujumbe wa simu wa malipo ya mabati, fundi aliyepokea ujira mkononi mwa mama huyo, jirani aliyemwona akimwagilia matofali. Vivyo hivyo malezi: aseme watoto ni wangapi, nani aliwauguza, nani alibaki nyumbani mume alipokuwa safarini. Hakimu haruhusiwi kujaza pengo kwa huruma yake. Atatazama pia mila za jamii yao, madeni waliyokopa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto wadogo, ila kesi nyingi husimama au huanguka kwenye mchango.

Shauri likichacha, mara nyingi suala la matunzo linapotajwa, hutoka neno zito: “Hata watoto hawa si wangu.” Neno hilo haliishi kwa kutamkwa tu. Sheria ya Ushahidi inamhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume, na anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Pale ambapo wazazi hawakuoana, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaiambia mahakama itazame jina lililo kwenye daftari la vizazi, sherehe za kimila alizofanya baba, iwapo alimkiri mtoto mbele za watu, na kipimo cha vinasaba. Kipimo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi yanayopitia kwa wanaotambuliwa kisheria, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Sampuli huweza kuwa mpanguso wa ndani ya shavu tu. Anayekataa kupimwa asidhani amejiokoa, maana kukataa kwenyewe huhesabiwa kama ushahidi.

Mtoto naye anaweza kuomba atambuliwe. Kifo cha baba hakifungi mlango papo hapo: maombi yanaruhusiwa ndani ya miaka mitatu tangu mzazi anayedaiwa afariki. Familia nyingi hulijua hilo wakati mirathi imeshagawanywa, kwa hiyo mama mwenye mtoto asiyetambuliwa afike kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yake mapema, akiwa na cheti cha kuzaliwa na majina ya walioshuhudia baba akimkiri mtoto.