Jinsi Tedi wa Kale Wanavyothaminiwa

Tedi, yaani dubu wa kuchezea mwenye manyoya, alizuka katika nchi mbili karibu wakati mmoja. Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la Teddy, alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini katika msako wa Mississippi. Clifford Berryman akachora kibonzo cha mkasa huo katika gazeti la Washington Post, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akaanza kuuza dubu wa kitambaa kwa jina la rais. Mwaka huohuo mjini Giengen, Ujerumani, Richard Steiff alibuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka kwa ajili ya kiwanda cha shangazi yake, Margarete Steiff. Mwaka 1907 pekee kiwanda hicho kilitengeneza dubu wapatao 974,000.

Wengi wa dubu hao walichakazwa na watoto, wakatupwa. Wachache waliobaki, hasa wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndio wanaogombewa na wakusanyaji. Anayewathamini hutazama mambo manne: umri, mtengenezaji, hali na historia.

Umri husomwa mwilini. Dubu wa mwanzo walifuata umbo la dubu wa porini: pua ndefu, nundu mgongoni, mikono mirefu na nyayo kubwa. Manyoya yao yalifumwa kwa nywele za mbuzi wa Angora, na ndani walishindiliwa nyuzi nyembamba za mbao, hivyo ni wagumu na hukwaruza wakibonyezwa. Baada ya vita hiyo viwanda vya Uingereza vilitumia sana sufi, na dubu wakawa wepesi na laini. Macho ya vifungo vyeusi vya viatu yalitangulia, yakafuatwa na ya kioo, kisha ya plastiki. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo taa hiyo hufichua kiraka kipya au dubu mzima wa kughushi.

Kuhusu mtengenezaji, Steiff ilianza mwaka 1904 kutia kifungo cha chuma katika sikio la kushoto. Vifungo vya mwanzo vilikuwa na picha ya tembo, na baadaye vikaandikwa jina la kampuni. Hata hivyo, kifungo huweza kuhamishwa kutoka dubu mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ni lazima kiafikiane na umbo, kitambaa na mishono. Kampuni za Uingereza kama Farnell na Merrythought zilitumia vitambulisho vya nguo, ambavyo mara nyingi vimekwishang'oka.

Manyoya yaliyosagika puani na tumboni ni ya kawaida kwa dubu aliyekumbatiwa miaka mingi. Yakiwa yamepungua kwa usawa mwili mzima, mnunuzi ana sababu ya kushuku. Nyayo zilizobadilishwa na marekebisho mabaya hushusha bei, ilhali rangi adimu huipandisha. Mfano ni dubu weusi wa Steiff waliotengenezewa soko la Uingereza mwaka 1912 na kuhusishwa na maombolezo ya meli ya Titanic.

Historia yenye ushahidi, kama picha ya zamani ya mwenye dubu, huongeza thamani kuliko kitu kingine chochote. Desemba 1994, dubu wa Steiff aitwaye Teddy Girl, aliyekuwa wa mkusanyaji mashuhuri Bob Henderson, aliuzwa katika mnada wa Christie's jijini London kwa pauni 110,000.

Dubu wa kale hafuliwi, kwa kuwa maji yakiingia ndani hukawia kukauka na huozesha vilivyoshindiliwa. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Anayeshukiwa kuwa na nondo hufungwa ndani ya mfuko na kugandishwa kwenye friza kwa siku kadhaa, kisha huwekwa mahali pakavu pasipofikiwa na jua, maana mwanga hupausha rangi na kudhoofisha kitambaa.