Je, Wajua Kuti la Viungo Linavyozuia Mvua?

Paa la makuti limesingiziwa mengi. Husemwa linavuja, linafuga nyoka, ni paa la maskini, ni la kujishikiza tu huku mwenye nyumba akidunduliza fedha za bati. Hao hao wanaosema hivyo wakifika hoteli za ufukweni za Nungwi, Watamu au Diani hulipa fedha nyingi walale chini ya makuti. Dharau hiyo ingevumilika. Kinachouma zaidi ni kuwa wengi wetu tuliokulia chini ya makuti hatukuwahi kuuliza yanafanyaje kazi, kwa hiyo tunayaezeka ovyo, yanavuja, kisha tunayalaumu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kuti lipi. Kuti la kumba, lile linalopasuliwa katikati na kusukwa, ni la uzio, la choo cha shambani, la kufunika kitalu. Anayeliezekea nyumba ya kuishi amejitakia. Kuti la paa ni la viungo. Mshonaji huchukua ufito, mara nyingi kipande cha upongoo wa kuti lenyewe kilichochanwa, akaukunjia majani ya mnazi yaliyoloweshwa yakalainika, moja baada ya jingine, kila moja likimpanda kidogo mwenzake. Kisha huyashona karibu na ufito ili yasiteleze. Uti mgumu ulio katikati ya kila jani, ule ule tunaotengenezea fagio za chelewa, haung'olewi. Ndio unaolifanya jani lining'inie limenyooka badala ya kujikunja likikauka.

Wengi hudhani makuti huzuia mvua kwa unene, kana kwamba maji hukwama njiani. Lakini lala chali adhuhuri chini ya paa la makuti lisilo na dari: mara nyingine utaona vitone vya mwanga vikipenya hapa na pale. Usiku mvua itapiga, na wewe hutapata hata tone. Paa lina matundu kila mahali na bado halivuji.

Siri iko kwenye ncha za majani. Paa huezekwa kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ile iliyo chini yake. Tone la mvua hutua kwenye jani la nje, likashikamana na uso wake wenye nta, likateremka hadi nchani na kudondokea safu inayofuata. Likikuta upenyo kati ya majani mawili, huzama ndani na kuangukia jani la chini yake. Jani hilo nalo lina ncha iliyotokeza nje, mbele zaidi. Basi hulipokea tone, hulitelezesha, na kulirudisha nje kwenye mvua lilikotoka. Tone lingehitaji kukutana na upenyo, tena na upenyo, tena na upenyo, safu baada ya safu, kabla hata moja haijalirudisha nje. Makuti kumi yaliyotobokatoboka yakipangwa vizuri hushinda ngozi moja nzima yenye tundu moja, maana ngozi ikitoboka haina mwenzake wa kumfichia aibu.

Sasa tazama fundi anavyoweza kuiua kazi hiyo bila kubadilisha hata kuti moja. Majani yakining'inia sentimita 60 na safu zikaachana sentimita 10, kila sehemu ya paa ina tabaka 6. Mwenye nyumba akitaka kubana matumizi, fundi akaachanisha safu kwa sentimita 20, tabaka zimebaki 3. Makuti ni yale yale, kinga ni nusu. Miaka miwili baadaye paa linavuja na mtaa mzima unasema makuti hayafai.

Jambo la pili ni mwinamo. Paa la makuti linataka digrii 45 hivi: ukiingia ndani mita moja, uwe umepanda mita moja. Mwinamo ukilala, maji hupoteza haraka ya kuteremka na kuanza kutambaa katikati ya majani yaliyogandana, hata kurudi nyuma kwa kunyonywa na ule wembamba wa nafasi. Wazee waliosimamisha makombamoyo marefu hawakuwa wakitafuta madaha. Siku hizi kenchi hupigwa chini kwa kipimo cha bati, ambalo linaridhika na digrii 15 au hata pungufu, kisha mtu hubadili mawazo na kutaka makuti juu ya kenchi hizo hizo. Paa la namna hiyo limeshaharibika kabla ya masika ya kwanza.

Mwinamo huamua pia umri. Kinachokula makuti kuliko kitu kingine chochote ni kuvu, na kuvu hutaka unyevu wa kudumu. Katika paa lenye mwinamo mzuri, tabaka za juu ndizo zinazolowa, na jua likitoka hukauka mara moja. Za chini hukaa kavu mwaka mzima. Ndiyo maana paa moja hufika miaka 10 na jirani yake halifiki 5. Ukienda kijijini angalia nyumba iliyojificha chini ya mwembe: upande wenye kivuli umefanya weusi, umeota kuvumwani, majani ya mwembe yameoza juu yake, na ukibonyeza kuti kwa kidole linamung'unyika. Upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo, ulioezekwa siku hiyo hiyo, bado mkavu na mgumu. Kilele nacho huchakaa kabla ya pengine popote, kwa kuwa hapo hakuna safu ya juu ya kukilinda. Kukibadilisha kilele mapema ni kazi ndogo. Kukisahau ni kulipoteza paa zima. Na moshi wa jikoni, ambao mapafu hayauhitaji hata kidogo, ulikuwa ukiyapaka makuti masizi yanayofukuza wadudu. Tumehamisha majiko, na tumefanya vyema, ila tukumbuke kwamba paa limepoteza dawa yake.

Bati lina ufundi wake, nalo halistahili matusi. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829: karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mawimbi hupata ukakamavu wa kujibeba. Mwaka 1837 Stanislas Sorel huko Ufaransa akapata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki. Zinki hujitoa mhanga. Palipokatwa au kukwaruzwa, yenyewe huliwa kwanza na kukiacha chuma kilicho jirani salama, hadi iishe. Hewa ya chumvi ya pwani huimaliza upesi, kwa hiyo anayejenga karibu na bahari anunue tabaka nene la zinki au bati lenye mchanganyiko wa zinki na alumini, wala asidanganyike na rangi inayovutia macho. Na geji huenda kinyume na akili inavyotegemea: namba ikikua, bati linapungua unene. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 32 ni nyembamba mno kwa nyumba ambayo watoto watarithi.

Uharibifu mkubwa hufanyika siku ya kuezeka. Fundi hukata bati kwa grinda kwa sababu mkasi unachosha. Joto la grinda huiunguza zinki ukingoni, na cheche za chuma cha moto hurukia mabati mengine yaliyolazwa pembeni na kuganda juu yake. Mvua mbili tatu zikipita, paa jipya lina madoadoa ya kutu kila cheche ilipotua. Mwenye nyumba humlaumu muuzaji. Kata bati kwa mkasi, fagia vumbi lote la chuma jioni ile ile, na msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita.

Kwenye joto ndipo bati huumbuka. Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi wa jua, nasi huona hilo linatosha. Lakini kila kitu chenye joto hulitoa pia kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, na chuma kitupu kinachong'aa ni mchoyo wa mionzi hiyo. Joto lililoingia halipati njia ya kurudi angani, hujilimbikiza, na bati linapochakaa na kufubaa huanza kumeza jua zaidi. Adhuhuri linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Unene wake hautoshi kuzuia chochote, hivyo uso wake wa ndani huwa moto kama wa nje. Makuti yana hewa iliyotulia kati ya tabaka; la juu huungua na jua, la chini halina habari, na hewa ya moto hupanda kwenye kilele kirefu na kutokea penye nafasi. Tena bati lina kelele. Mwalimu anayefundisha chini ya bati lisilo na dari hunyamaza mvua kubwa ikinyesha, na somo limekwisha.

Dawa ya bati si ghali. Rangi nyeupe hufanya kazi mbili kwa pamoja: hurudisha jua, na tofauti na chuma kitupu, hutoa joto kwa wepesi. Nashangaa kuona mitaa mizima ya Dar es Salaam na Mombasa ikichagua mabati ya rangi nyekundu ya giza, kijani kibichi na kahawia, kisha wenye nyumba wakinunua feni tatu.

Haki ya bati isemwe yote. Haliwaki moto, na makuti yakishika moto hayaachi kitu. Nyumba za makuti zilizobanana ni hatari ya kweli. Bati huvuna maji safi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 60 za mraba penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka huangusha lita 60,000, ukitoa zinazopotea. Maji ya makuti huja ya hudhurungi, ya kumwagilia bustani tu. Watafiti waliofanya kazi Gambia wamegundua pia kwamba mbu wa malaria hufa wengi zaidi mchana ndani ya nyumba za bati, kwa sababu ya joto lile lile tunalolilalamikia. Anayeishi chini ya makuti lazima awe na chandarua, hapo hakuna mjadala. Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye nyumba za mawe zilizokuwa na mapaa bapa ya chokaa, uliishia kuvikwa mabati kwa sababu chokaa ilishindwa na mvua. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta nyumba kama 8 katika kila 10 zimeezekwa bati. Waliochagua bati si wajinga.

Lakini hesabu ya mazingira iko upande wa mnazi. Kuzalisha tani moja ya chuma hutoa kwa wastani karibu tani 2 za hewa ya ukaa. Chuma chakavu huyeyushwa tena, ni kweli, ila bati jembamba lililoliwa na kutu kijijini huishia kuziba banda la mbuzi. Mnazi mzima hutoa makuti 12 au zaidi kwa mwaka bila kukatwa, huku ukiendelea kuzaa nazi, na paa likichakaa hurudi shambani kuwa mboji.

Hesabu hiyo ina sharti moja: minazi iwepo. Ugonjwa wa kunyong'onyea umefagia mashamba mengi ya pwani ya Tanzania, na mdudu chonga hutoboa kiini cha minazi iliyobaki. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulianza mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, na utafiti ukafanyika Mikocheni, Dar es Salaam, lakini mashambani mnazi mzee ukifa mara nyingi haupandwi mwingine. Shamba hukatwa viwanja. Shina lililokufa huachwa lioze pale pale, nalo ndilo kitanda cha mayai ya chonga. Lichomwe au lipasuliwe mbao. Wauzaji wengine, kwa tamaa, hukata makuti mabichi, na mnazi ulionyang'anywa majani ya kijani hupunguza kuzaa. Huku hayo yakiendelea, hoteli zinaagiza makuti ya plastiki kutoka ng'ambo, yanayochujuka juani na kuvunjika vipande ambavyo upepo huvitupa baharini. Fedha hizo zingeweza kwenda kwa washonaji wa Pangani, Kilwa na Mafia, na kwa vitalu vya miche.

Nikiulizwa na anayeanza kujenga pwani, jibu langu ni hili: nyumba ya kulala penye majirani karibu, weka bati geji 28, jeupe, lenye dari na nafasi ya hewa kupita, na mfereji unaopeleka maji kwenye tangi. Baraza, jiko la nje lisilo la kuni, banda la wageni, darasa la wazi, ofisi ya shamba: makuti ya viungo, digrii 45, safu kila sentimita 10, mbali na mwembe. Na kwa kila paa upande minazi.