Besi ya ukulele

Besi ya ukulele ni ala ya muziki yenye nyuzi nne na umbo la ukulele kubwa, lakini hutoa sauti za chini sawa na zile za gitaa la besi. Urefu wake wote ni takriban sentimita 75, hivyo huweza kubebwa mgongoni hata juu ya bodaboda. Hutumiwa katika bendi ndogo, kwaya, madarasa ya muziki na safari.

Wepesi huo una gharama yake. Mwili mdogo wa ala hii hauwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito, kwa hiyo bila umeme husikika chumbani tu. Anayeichagua kwa ajili ya bendi huchagua vitu viwili kwa pamoja: ala yenyewe, na amplifaya itakayoisemea.

Historia

Ukulele ilitokea Hawaii baada ya mwaka 1879, wakati wahamiaji Wareno kutoka kisiwa cha Madeira walipofika huko wakiwa na gitaa zao ndogo. Mafundi seremala watatu wa kundi hilo, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, huhesabiwa kuwa watengenezaji wa kwanza wa ukulele.

Gitaa la besi la umeme lilienea tangu mwaka 1951, kampuni ya Fender ilipoanza kuuza Precision Bass. Nyuzi zake zina urefu wa sentimita 86 kati ya daraja na kichwa cha shingo. Katika miaka ya 1980 Waingereza Alun Ashworth-Jones na Nigel Thornbory walibuni besi ndogo iliyoitwa Ashbory, iliyotumia nyuzi za mpira wa silikoni. Mwishoni mwa miaka ya 2000 fundi Mmarekani Owen Holt alitumia wazo la nyuzi laini kama hizo kwenye mwili wa ukulele ya baritoni. Baadaye kampuni ya Kala ya California ilianza kuiuza kwa jina la U-Bass, na watengenezaji wengine wakafuata.

Namna sauti inavyopatikana

Nyuzi hufungwa kwa sauti za E, A, D na G, kuanzia ule mnene. Uzi wa E hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73 na G mara 98. Hizo ndizo sauti za gitaa la besi na pia za besi kubwa ya kusimama inayotumika katika taarab.

Sauti ya uzi hutegemea urefu, uzito na mkazo wake. Uzi mfupi hutoa sauti ya juu, isipokuwa ukiwa mzito zaidi au ukilegezwa zaidi. Nyuzi za besi ya ukulele zina urefu wa sentimita 51 hadi 54 tu. Ndiyo maana hutengenezwa kwa mpira wa poliurethani: ni nene kuliko waya wa gitaa la besi, na hulegea kiasi kwamba huvutika chini ya kidole.

Chini ya daraja kuna kinasa sauti cha piezo, ambacho hugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Mara nyingi kuna pia kikuza sauti kidogo cha ndani kinachotumia betri.

Uchaguzi

Mnunuzi hutakiwa kwanza kuitofautisha na ukulele ya baritoni. Zote mbili huweza kuwa na mwili wa ukubwa uleule na nyuzi nne, lakini baritoni hufungwa kwa D, G, B na E za juu, na haiwezi kushika kazi ya besi. Alama za kutambua besi ni unene wa nyuzi na tundu la kuchomekea waya wa amplifaya.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

Mwili. Ule wenye uwazi ndani husikika vizuri zaidi mtu anapofanya mazoezi bila umeme, lakini karibu na spika kubwa huanza kuvuma wenyewe. Mwili wa ubao mzima hauvumi kwa urahisi, hivyo hufaa zaidi bendi yenye ngoma za kisasa.

Freti. Ala yenye freti humsaidia mwanafunzi kupata noti sahihi. Isiyo na freti huteleza kutoka noti moja hadi nyingine, jambo zuri katika taarab, lakini humtaka mpigaji awe na sikio lililozoea.

Nyuzi. Mpira hutoa sauti ya mviringo inayozimika upesi, karibu na ile ya besi ya kusimama. Nyuzi zilizozungushiwa waya hutoa sauti kali na ya kudumu zaidi, karibu na gitaa la besi. Kabla ya kununua, ni vizuri kujua nyuzi za akiba zitapatikana wapi, kwa kuwa nyuzi za gitaa la kawaida hazifai.

Amplifaya. Spika ndogo ya gitaa la solo hupasua sauti za chini na huweza kuharibika. Inafaa amplifaya ya besi au ya kinanda. Ya wati 30 hivi hutosha kwa waimbaji na gitaa lisilo la umeme. Penye seti ya ngoma huhitajika yenye nguvu mara kadhaa zaidi. Bajeti ikiwa ndogo, mara nyingi ala ya bei nafuu yenye spika nzuri huifaa bendi kuliko ala ya bei ghali yenye spika mbovu.

Upigaji katika bendi

Nafasi kati ya mwanzo wa shingo na freti ya kwanza ni takriban sentimita 3, wakati kwenye gitaa la besi hukaribia 5. Mkono wa kushoto huweza kuweka kidole kimoja kwa kila freti bila kujinyoosha. Hilo huwasaidia watoto na wenye mikono midogo.

Mkono wa kulia hutumia nyama ya kidole gumba au ya vidole viwili vya kwanza. Kucha ndefu hukwaruza mpira. Anayetoka kwenye gitaa la besi huwa na mazoea ya kuvuta kwa nguvu; hapa nguvu huufanya uzi ugonge freti na noti ipande. Ni bora kugusa kwa wepesi na kuiachia amplifaya kazi ya ukubwa.

Kazi ya besi ni kuunganisha mdundo na sauti za nyimbo. Mwanzoni hutosha kupiga noti ya msingi ya kila kodi pamoja na ngoma kubwa ya miguu, kisha kuongeza noti ya tano. Kwa kuwa noti za mpira huzimika upesi, mistari mifupi yenye nafasi hueleweka kuliko noti ndefu. Katika muziki wa dansi, ambapo gitaa la besi hujibizana na solo na ridhimu kwa mwendo wa kasi, nyuzi za waya husikika wazi zaidi.

Katika kwaya tatizo la kawaida ni kinanda. Mpigaji kinanda akiendelea kupiga noti za chini kwa mkono wa kushoto, besi mbili hugongana na maneno ya wimbo hupotea. Wawili hao hupaswa kukubaliana: kinanda kipande juu, besi ibaki chini. Waimbaji wa sauti ya besi hawaingiliwi kwa urahisi, kwa kuwa E ya chini ya ala hii iko oktava nzima chini ya E ambayo wengi wao huishia.

Ala ikianza kuvuma, mpigaji husogea mbali na spika, huziba tundu la mwili na kupunguza besi kwenye amplifaya.

Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Mji wa Karatu, katika Mkoa wa Arusha, uko kwenye nyanda za juu kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko juu zaidi, kwenye takriban mita 2,300, na usiku wake ni wa baridi. Kikundi kinachotoka Karatu mchana na kupiga jioni huko juu hubadilisha joto na unyevu kwa saa chache. Nyuzi za mpira hubadilika pamoja na joto, kwa hiyo hupimwa upya baada ya ala kukaa nusu saa mahali pa kupigia.

Wakati wa kiangazi vumbi la barabara hushikamana na mpira na kuingia kwenye tundu la waya. Begi lenye zipu nzima, kitambaa kikavu na betri ya akiba huzuia matatizo mengi. Katika ala nyingi betri huendelea kutumika mpaka waya uchomolewe.

Si kila muziki wa eneo hili unahitaji ala hii. Katika uimbaji wa Wamaasai kiongozi wa wimbo huitwa olaranyani, na kundi humwitikia kwa sauti nzito za koo zenye mdundo. Sehemu ya chini tayari imejazwa na watu. Besi ya umeme ikiongezwa hapo bila kuombwa huweza kuwafunika waimbaji badala ya kuwasaidia.

Besi nyingine za Afrika Mashariki

Haja ya besi inayobebeka ni ya zamani kuliko ala hii. Katika kidumbaki cha Zanzibar, besi ni sanduku: kasha la mbao lenye mti na uzi mmoja, ambao mpigaji huukaza na kuulegeza ili kubadilisha noti. Husikika pamoja na fidla, vingoma viwili na manyanga. Nchini Uganda, vikundi vya adungu, ala yenye asili kwa Waalur, huwa na adungu kubwa ya besi yenye kasha la sauti pana.

Ala hizo mbili ni kubwa kubeba kuliko besi ya ukulele, lakini makasha yao hutoa sauti yenyewe. Kwa kikundi kinachopiga mara nyingi mahali pasipo na umeme, bado ni chaguo la kufikiriwa kwanza.