Mafuta Mema na Kazi ya Ini

Ndugu zetu wa Ibra, wapo miongoni mwetu waachao dawa za kolesteroli kwa kuwa karatasi ya kipimo imeonyesha HDL, yaani mafuta mema, iko juu. Tunawaomba wasubiri.

HDL si kitu kimoja. Zipo chembe kubwa, HDL2, na ndogo, HDL3. Ini hutoa kimeng'enya kiitwacho lipasi ya ini, ambacho huvunja mafuta ya chembe kubwa zikasinyaa kuwa ndogo. Nazo hizo ndogo huondoka mwilini upesi zaidi. Wanaume wana nyingi kuliko wanawake. Kitambi na kisukari cha ukubwani huizidisha, na kitambi, kwa halwa na wali wetu wa nazi, twakijua vyema! Karatasi hutupa jumla tu, haitengi kubwa na ndogo.

Wala kupandisha jumla hiyo si kinga. Mwaka 2006 majaribio ya torsetrapibu, dawa iliyopandisha HDL sana kwa njia nyingine, yalisimamishwa kwa kuwa waliokunywa walikufa wengi zaidi. Aliyepewa dawa ya kushusha LDL, mafuta mabaya, basi aendelee nayo, na amuulize daktari wake kwanza.