Kimo cha 'shangingi' na kazi ya kulihudumia London

Watu wengi hununua gari kubwa kama Land Cruiser au Range Rover kwa sababu ya kimo chake. Dereva huona mbali, na barabara ikiharibiwa na mvua za masika, gari hupita.

Nchini Tanzania gari la aina hiyo limepewa jina la utani la shangingi. Mjini London, ambako halina tope la kuvuka, kimo hicho hicho huwa usumbufu siku ya kubadilisha oili, kuosha paa au kukagua breki.

Land Cruiser ya toleo la 200 ina kimo cha karibu mita 1.9. Land Rover Defender mpya ya milango mitano inakaribia mita 1.97. Ukifunga keria ya mizigo, gari linapita mita mbili.

Kwa mtu wa kimo cha kawaida, katikati ya paa hapafikiki akiwa amesimama chini.

Juu ya boneti

Kazi ya kwanza ni ndogo: kupima oili na kuongeza maji ya waipa. Lakini mtu mfupi akiinama juu ya bampa, miguu huanza kuacha ardhi na uzito wote hubaki tumboni.

Wengine hukanyaga tairi au bampa ili wapate kimo. Mpira ukiwa umelowa huteleza, na bampa nyingi za siku hizi ni za plastiki.

Njia nyepesi ni ngazi fupi ya hatua mbili yenye vikanyagio vipana, iwekwe mahali tambarare. Kwa kuosha paa, tumia brashi yenye mpini mrefu. Osha nusu ya paa, kisha hamisha ngazi upande wa pili. Usinyooshe mwili kuvuka paa, maana hapo ndipo ngazi inapopinduka.

Chini ya gari

Huku chini kimo kina faida. Kwa magari mengi ya aina hii, mtu anaweza kulala chali, akaingia chini na kumwaga oili bila kuliinua gari hata kidogo. Kuliacha likiwa juu ya magurudumu yake manne ni salama kuliko kuliinua.

Hata hivyo, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu na subiri injini ipoe.

Wenye gari linalobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi wawe waangalifu zaidi. Hewa ikitoka, gari hushuka, na aliye chini hana pa kukimbilia.

Kama ni lazima kuliinua, kumbuka kwamba jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Land Cruiser 200 ina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito huo, juu ya sakafu ngumu.

Tabia ya kuegemeza gari kwenye tofali, iliyozoeleka katika gereji nyingi za chini ya mwembe, ni ya kuachwa. Tofali la saruji hupasuka ghafla, bila kutoa onyo.

Barabarani au gereji?

Nyumba nyingi za London hazina uwanja, hivyo gari hulala barabarani. Sheria ya mwaka 2005 inayohusu usafi wa mitaa nchini England na Wales inakataza kutengeneza magari barabarani kibiashara, na faini inaweza kufika pauni 2,500.

Anayetengeneza gari lake mwenyewe bila malipo haguswi, ilimradi hawasumbui majirani. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Ipelekwe kwenye kituo cha taka cha halmashauri kinachoipokea.

Anayepeleka gari gereji naye ana la kuuliza. Gereji nyingi za London ziko chini ya matao ya reli, ambako dari huinama pembeni. Gari la mita 1.9 likinyanyuliwa mita 1.8, linahitaji nafasi ya mita 3.7 na ushee. Piga simu mapema, utaje kimo cha gari pamoja na keria.

Chunguza na njia pia. Handaki la Rotherhithe chini ya mto Thames, lililofunguliwa mwaka 1908, haliruhusu gari lenye kimo au upana unaozidi mita mbili.

Shimo la nyumbani

Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, fundi asiye na mashine ya kunyanyulia huwa na jibu lake la zamani: shimo. Gari husimama juu na fundi huteremka chini, kwa hiyo hakuna jeki ya kuteleza.

Lakini shimo nalo lina hatari yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Cheche moja inatosha kuwasha moto.

Kwa hiyo anayempelekea ndugu yake gari kubwa nyumbani asiishie kwenye filta na pedi za breki. Aongeze stendi mbili za chuma na ngazi fupi. Gharama yake ni ndogo, na uhai wa fundi hauna spea.