Mchele upi kwa mwenye kisukari Mangateen?

Kumwambia mgonjwa wa kisukari katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mangateen, jijini Juba, ale mchele usiokobolewa ni kumtwisha mzigo asiouweza. Mchele huo ni adimu, nao ni ghali. Linalomfaa ni kujua upi kati ya michele myeupe ya dukani hupandisha sukari polepole.

Punje ya mchele ina wanga wa aina mbili. Amilosi ni nyuzi zilizoshikana, hivyo humeng'enywa taratibu. Amilopektini ina matawi mengi na huvunjwa upesi. Mchele unaonata una amilosi kidogo. Katika kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, kilichoanzishwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake wa Toronto na kinacholinganisha vyakula na glukosi yenye alama 100, mchele wa jasmini wa Thailand mara nyingi umepita 70, huku basmati ikibaki chini yake. Mchele uliochemshwa ukiwa bado na maganda, kisha ukakaushwa na kukobolewa, nao huwa chini. Utautambua kwa rangi yake ya manjano hafifu na punje zisizoshikana. Ukipatikana, nunua huo. Usiupike mpaka ukawa bokoboko, maana kadiri wanga unavyolainika ndivyo sukari inavyowahi damuni.

Hata hivyo, sahani iliyojaa basmati hupandisha sukari zaidi kuliko kikombe cha wali wa kawaida. Gramu 150 za wali zina takriban gramu 40 za wanga. Pima kikombe kimoja cha wali, kisha ujaze sahani kwa maharage, bamia au mboga za majani zilizoungwa karanga. Protini, mafuta na nyuzinyuzi huchelewesha chakula tumboni.

Wengine hushauri wali upoe usiku kucha ili sehemu ya wanga igome kumeng'enywa. Kwa joto la Juba, pasipo friji, siukubali ushauri huo hata kidogo: bakteria aina ya Bacillus cereus huzaliana katika wali uliolala, na sumu yake haiharibiki kwa kupashwa moto.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipunguze wali kwa ghafla bila kumweleza mhudumu wa kliniki. Dozi ile ile juu ya chakula kidogo huweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, apewe maji ya sukari papo hapo, ilimradi anaweza kumeza.