Rekodi ya Leseni Uingereza: Itazame Kabla ya Wengine

Dereva wa Uingereza anayekodi gari huweza kuombwa rekodi ya makosa yake ya barabarani. Karatasi iliyoyabeba ilifutwa tarehe 8 Juni 2015. Sasa yamo kwenye tovuti ya serikali. Huduma ni bure. Dereva huingiza namba ya leseni, namba ya Bima ya Taifa na msimbo wa posta, kisha huweza kupata namba ya siri ya kuwapa wakodishaji, inayodumu siku 21.

Heri asisubiri kuombwa.

Pointi za adhabu kwa kosa la mwendokasi hukaa kwenye rekodi miaka 4, kwa la ulevi 11. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, mahakama inaweza kumfungia kuendesha. Wanaostahili kuichungulia mara kwa mara ni madereva wapya: pointi 6 tu katika miaka 2 ya kwanza, leseni imekwenda, na mtihani huanza upya.